Rola tatu na hendeli moja: mashine iliyokuwa inapinda tairi za magari ya farasi

Kila tunapokaribisha wananchi kwenye karakana yetu ya chuma watu wanapita haraka tu kwenye mageti na matenki ya wanafunzi, wanakuja kukwama mbele ya rola moja ndogo ya mkono iliyofungwa kwenye nguzo, halafu swali linakuwa lilelile, mwalimu hii si ya kukamulia miwa? Na kwa sura wala hawajakosea, ina rola tatu za chuma, ina giya pembeni, ina hendeli ya kuzungusha, ni ndugu kabisa wa ile ya juisi pale stendi. Ila hii haikamui kitu. Inapinda chuma. Mashine za namna hii ndizo zilizokuwa zinapinda tairi za magari ya farasi kule Uingereza na Marekani miaka ya 1800, enzi ambazo tairi la mpira la kujaza upepo bado halijashika barabara, maana Dunlop alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya lake mwaka 1888 akiwa Belfast na hata baada ya hapo mikokoteni na magari ya mizigo yaliendelea na chuma miaka mingi tu.

Ndiyo, tairi la chuma. Watu wakisikia hivyo wanashangaa, wanaona tairi ni mpira. Sasa ngoja nieleze gurudumu lenyewe kwanza maana bila hilo mashine haieleweki.

Gurudumu la gari la farasi lilikuwa la mbao. Katikati kuna habu, kile kitovu cha gurudumu, Uingereza walipenda kuichonga kwenye mti unaoitwa elmi kwa sababu nyuzi zake zimesukana hazipasuki kirahisi, kwenye habu zinachomekwa spoku za mwaloni, na juu ya spoku vinakaa vipande vya mbao vilivyochongwa kama mwezi mchanga, unaviunganisha kimoja kimoja mpaka duara linafunga. Hakuna gundi ya maana hapo, misumari michache au hakuna kabisa. Vipande vimechomekana tu. Ukilitembeza gurudumu kama hilo kwenye mawe bila kitu cha kulibana, linaachia. Kwa hiyo tairi la chuma kazi yake haikuwa kulinda mbao zisilike peke yake, kazi yake kubwa ilikuwa kulikumbatia gurudumu zima, kama pete za chuma zinavyokumbatia pipa.

Zamani Uingereza mafundi wengi walikuwa wanapigilia vipande vya chuma kimoja kimoja kuzunguka gurudumu, kila kipande kinafunika ungio la mbao, na magari ya shamba yaliendelea hivyo mpaka ndani ya karne ya 19. Vipande vinazuia mbao kulika sawa, lakini havikumbatii. Pete nzima ilikuwa inajulikana tangu kale, Waselti, watu wa kale wa Ulaya, walikuwa wanavalisha magari yao pete za chuma zaidi ya miaka 2000 iliyopita, shida ni kwamba kupata kipande kirefu cha chuma chenye upana na unene uleule mwanzo mpaka mwisho ilikuwa kazi ya kuua mtu kwa nyundo. Hapo ndipo Mwingereza mmoja, Henry Cort, anaingia, miaka ya 1783 na 1784 akapata hataza za kupitisha chuma kwenye rola zenye mifereji na za kusafisha chuma kwenye tanuri, na kidogo kidogo flatibaa, yaani ule ukanda mrefu bapa wa chuma, ikawa kitu cha kununua dukani kama tunavyonunua leo. Flatibaa ikishakuwa rahisi swali linabaki moja, utaipindaje iwe duara kamili?

Kwa nyundo inawezekana, wahunzi wameifanya karne na karne. Shida ya nyundo ni kwamba kila pigo linapinda sehemu moja, unapata duara lenye vikona vidogo vidogo halafu unaanza kuvisaka na kuvilainisha, na kwa gurudumu lenye urefu wa mtu mzima kifuani utakesha. Mashine ya rola tatu inalikwepa hilo kwa njia ambayo mimi kila nikiifundisha naona raha upya. Rola mbili ziko chini zimeachana kidogo, ya tatu iko juu katikati yao na ina skrubu ya kuishusha. Unaingiza flatibaa, rola mbili za chini zinaibeba, ya juu inaikandamiza katikati, yaani unaifanyia chuma kile unachofanya ukivunja kijiti gotini, mikono miwili pembeni goti katikati. Tofauti ni kwamba huku chuma kinatembea. Ukizungusha hendeli kila nukta ya ile flatibaa inapita chini ya goti lilelile kwa mkandamizo uleule, kwa hiyo inapindika kwa kiasi kilekile, na kitu kilichopindika sawasawa kila mahali hakina njia ila kuwa duara. Ukitaka duara dogo zaidi unashusha skrubu kidogo unapitisha tena. Chembamba kinapita kikiwa baridi, kinene wanakipasha moto kwanza.

Kuna mambo mawili ambayo mashine haikufanyii na hapa ndipo fundi anaonekana. La kwanza ni ncha. Kile kipande cha mwanzo na cha mwisho, urefu kama ule uliopo kati ya rola na rola, hakipati goti juu yake huku mikono miwili imeshika pande zote, kwa hiyo kinatoka kimenyooka. Usipojua hilo duara lako linakuwa na sehemu bapa pale pale kwenye ungio. Wahunzi walikuwa wanazipinda ncha kwanza kwa nyundo kwenye pembe ya fuawe ndio wanapeleka kwenye rola, na sisi mpaka leo tunafanya hivyo hivyo.

La pili ni urefu wa kukata, na hili limewaumiza wanafunzi wangu sana. Juzi tu kuna kijana alikuwa anapinda pleti ya milimita 6 kwa ajili ya tenki lenye kipenyo cha ndani cha milimita 600, akachukua 600 mara 3.1416 akakata 1885, akapinda vizuri kabisa, akachomelea, kifuniko ambacho kilishakatwa kikagoma kuingia. Ametafuta kosa nusu siku. Kosa ni kwamba chuma kikipindwa upande wa nje unavutika na upande wa ndani unabanwa, mahali ambapo urefu haubadiliki ni katikati ya unene, kwa hiyo hesabu inatakiwa ianzie kwenye 606 sio 600, na hiyo ni milimita 19 zaidi. Wahunzi wa magari ya farasi walikuwa nayo hii kichwani kama kanuni ya kazi, urefu wa kuzunguka gurudumu ongeza unene wa chuma mara tatu na kitu, halafu ongeza tena cha kuunganishia maana ncha mbili zinapandishana na kufuliwa pamoja kwenye moto mpaka zinakuwa kitu kimoja. Hawakuwa na fimbo ya weldingi, ungio lilikuwa la moto na nyundo tu.

Na kupima kwenyewe hawakutumia futi. Walikuwa na kisahani cha chuma chenye mpini, wanakichora alama ya chaki, wanakizungusha kwenye ukingo wa gurudumu la mbao huku wanahesabu, mizunguko kumi na moja na kidogo mathalan, wanaweka alama pale kilipoishia. Kisha wanakizungusha ndani ya tairi. Wala hawahitaji kujua ni inchi ngapi, wanalinganisha tu mzunguko na mzunguko, na makosa ya kusoma namba hayapo kwa sababu namba hazipo. Nimewahi kuwapa wanafunzi kisahani kama hicho na tepu washindane kupima ringi ya mita moja, wa kisahani walipishana kidogo kuliko wa tepu.

Sasa kumbuka tairi halilingani na gurudumu. Linatengenezwa dogo makusudi. Kwenye gurudumu jepesi labda robo inchi ya mzunguko, kwenye zito la shamba inaweza kuzidi inchi nzima. Chukua gurudumu lenye kipenyo cha mita 1.2, mzunguko wake ni kama mita 3.77. Tuseme tairi limepungua nusu inchi, milimita 12 hivi. Likiwa baridi haliingii hata ulipige siku nzima. Chuma kinaongezeka kama milimita 12 kwa kila kilomita kwa kila digrii moja, ni kidogo mno, lakini ukilipasha lile tairi digrii 400 mzunguko wake unaongezeka karibu milimita 18. Umetoa zile 12 umebaki na 6, na ukizigawa kwa 3.14 upate kipenyo ni kama milimita 2, yaani milimita moja ya nafasi kila upande. Moja! Ndiyo maana walikuwa wanapasha zaidi mpaka wekundu wa kufifia uanze kuonekana, na ndiyo maana pindo la rola lilitakiwa liwe duara la kweli, maana ukiwa na kona hata ya milimita mbili tatu ile nafasi imeshaliwa na tairi linakwama nusu njia huku linaunguza mbao.

Kazi yenyewe ya kuvalisha ilikuwa ya haraka sana. Gurudumu linafungwa chali kwenye bamba kubwa la chuma lenye tundu la habu katikati, tairi linachomwa kwenye moto wa duara, watu wawili watatu wanalibeba kwa koleo ndefu, wanalilaza, mbao zinashika moto papo hapo, nyundo huku nyundo kule likae sawa, halafu maji. Moshi na mvuke vinafunika kila kitu, na ndani ya ule mvuke mbao zinalia, unasikia kabisa viungo vinavyofunga, spoku zinazama kwenye habu na vile vipande vya ukingo vinabanana mpaka ule mwanya uliokuwa unapitisha ukucha unapotea. Ukizidisha kubana napo umeharibu, spoku zinapinda au gurudumu zima linageuka kama mwavuli uliopigwa na upepo. Kwa hiyo yule anayesema kata milimita ngapi ndiye mwenye gurudumu mkononi, mashine inamtii tu.

Mafundi magari wanaosoma hapa bila shaka mmeshaliona hili. Ile ringi giya, pete ya meno iliyovalishwa kwenye flaiwili (gurudumu zito la injini), inayoshikana na stata inachomwa moto inadondoshwa inashikilia yenyewe ikipoa, hakuna bolti. Ni kazi ileile.

Rola hizi zilikuwepo za kila saizi. Mhunzi wa kijijini alikuwa na yake ya mkono kwenye nguzo, viwanda vilikuwa na kubwa zinazoendeshwa na mikanda kutoka injini ya mvuke. Ndugu wawili, Henry na Clement Studebaker, walifungua kibanda cha uhunzi South Bend, Indiana, Februari 1852 wakiwa na mtaji wa dola 68, baadaye wakawa wanauza magari kwa jeshi la Muungano, yaani upande wa kaskazini, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na wakaja kuwa watengenezaji wakubwa kabisa wa magari ya kukokotwa duniani. Huwezi kufika huko kwa kupinda kila tairi kwa nyundo. Na huku kwetu, Makaburu waliopanda Uasin Gishu, Kenya, mwaka 1908 kutokea Nakuru na magari ya kukokotwa na ng'ombe walikuwa wanatembelea matairi ya chuma ya namna hii hii.

Tatizo sugu la tairi hizi lilikuwa jua. Mbao ikikauka inasinyaa, tairi linalegea, linaanza kugonga na kuteleza. Wale waliokuwa wanavuka Marekani kwenda Oregon walikuwa wanalaza magurudumu mtoni usiku kucha mbao zivimbe, au wanapigilia kabari katikati ya mbao na chuma. Ni dawa ya siku mbili tatu. Dawa yenyewe ni kulipunguza tairi, na kulikata na kuliunga upya ni kazi ndefu, ndipo ikatengenezwa mashine ya pili ambayo mimi naiona ina akili kuliko hata rola. Ina taya mbili na mkono mrefu. Unapasha sehemu moja tu ya tairi mpaka iwe laini, unaibonyeza kidogo iwe na kinundu, taya zinauma pande mbili za kinundu, unavuta mkono taya zinasogeleana na chuma kinaingia ndani ya chuma, kinakuwa kinene na kifupi. Unagonga kinundu kikalala. Mzunguko umepungua, hakuna ungio jipya.

Naandika haya kwa sababu rola za mkono za zamani zinauzwa kwa kilo kwenye vyuma chakavu, na mara nyingi hazina ugonjwa, zimekauka grisi tu. Ukikutana nayo utaitambua hivi: rola tatu fupi za chuma kitupu, hazina meno kama za miwa, mbili zimeungana kwa giya na ya tatu inapanda na kushuka kwa skrubu, na mara nyingine rola zina mfereji pembeni wa kushikia ukingo wa flatibaa isitembee. Mwagia mafuta mepesi kwenye skrubu na bushi, iache ilale, kesho yake jaribu hendeli bila kuigonga kwa nyundo maana chuma cha kumimina kinavunjika kama sahani. Ikizunguka, pitisha flatibaa ya milimita 3 ikiwa baridi, anza na skrubu ikiwa imegusa tu, shusha robo mzunguko kila mpito, na vidole vikae mbali na upande wa kuingizia, sio kwa sababu inakwenda kasi bali kwa sababu haina breki na giya zikishakamata glovu mwenzio anayezungusha hendeli hatasikia mapema.