Je, wajua kwa nini chuo cha Henry Rono kiliachwa na wenzake kumi?

Tarehe 8 Aprili 1978, mjini Berkeley, California, kijana wa Kinandi aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Washington State alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 8.4. Rekodi ya dunia ikaanguka. Wiki tano baadaye, akiwa Seattle, akaivunja ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 8:05.4. Juni akavuka kwenda Ulaya, akachukua ya mita 10,000 kule Vienna (27:22.5) na ya mita 3,000 kule Oslo (7:32.1). Rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Jina lake Henry Rono.

Hadithi hiyo wengi tunaijua. Kisichosimuliwa sana ni kwamba mbili kati ya rekodi hizo ziliwekwa katika miji ya vyuo jirani. Berkeley ni nyumbani kwa Chuo Kikuu cha California, Seattle ni nyumbani kwa Chuo Kikuu cha Washington, na vyote viwili vilikuwa pamoja na chuo cha Rono katika jumuiya moja ya michezo ya pwani ya Pasifiki, wakati huo ikiitwa Pac-8. Baadaye ilikua hadi wanachama 12. Kisha, kati ya Juni 2022 na Septemba 2023, wanachama kumi walitangaza kuondoka mmoja baada ya mwingine. Waliobaki ni wawili: Oregon State, na hicho chuo cha Rono. Jumuiya yenye umri wa miaka 108! Ilikuwaje?

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Vyuo vya Marekani ni vingi mno kucheza katika ligi moja. Juu kuna NCAA, chombo kikubwa kinachosimamia michezo ya vyuo. Chini yake vyuo hujikusanya vyenyewe katika makundi ambayo wenyewe huyaita konferensi. Mimi naona neno letu la jumuiya linatosha, maana hapo hakuna kupanda wala kushuka daraja: unaingia kwa kualikwa na unatoka kwa hiari yako. Wanachama hupanga ratiba pamoja, hushindania ubingwa wao na kugawana mapato. Na kwa kawaida chuo kikiingia, huingia na karibu timu zake zote: futiboli ya Kimarekani, kikapu, riadha, voliboli, kuogelea, gofu. Kikihama, zote huhama. Shikilia hilo, ndipo ulipo mzizi wa fitina.

Jumuiya hii ilizaliwa tarehe 2 Desemba 1915 katika hoteli moja mjini Portland, Oregon. Waasisi walikuwa wanne: California, Washington, Oregon, na chuo cha kilimo ambacho leo ndicho Oregon State. Walijiita Jumuiya ya Pwani ya Pasifiki. Enzi hizo timu zilisafiri kwa treni, kwa hiyo mwenzako alikuwa yule unayeweza kumfikia na kurudi bila wanafunzi kupotea darasani muda mrefu. Washington State kiliingia 1917, Stanford 1918, USC cha Los Angeles na Idaho 1922, Montana 1924, na UCLA, nacho cha Los Angeles, 1928.

Pullman, kilipo chuo cha Rono, ni mji mdogo kwenye vilima vya ngano mashariki mwa jimbo la Washington, eneo liitwalo Palouse. Hesabu ya watu ya 2020 ilikuta wakazi wapatao 33,000, wengi wao wanafunzi. Seattle iko mbali, zaidi ya kilomita 450 kwa barabara. Lakini ukielekea mashariki kilomita 13 tu, unavuka mpaka wa jimbo na kuingia mji wa Moscow, kilipo Chuo Kikuu cha Idaho. Ni vyuo viwili vya umma, vyote vilianza na kilimo, vimezungukwa na ngano ileile, na kwa zaidi ya miaka 30 vilikuwa wanachama wa jumuiya moja.

Mwaka 1956 ikalipuka kashfa: wafadhili walikuwa wakiwalipa wachezaji wa futiboli kwa siri, na Washington, UCLA, USC na California vyote vikaguswa. Ugomvi wa nani aadhibiwe vipi ukaivunja jumuiya, na mwaka 1959 ikafungwa rasmi. Vyuo hivyo vinne vikaanzisha chama kipya mwaka huohuo, na Stanford kikajiunga muda mfupi baadaye; ndicho kilichokuja kuitwa Pac-8, na kinaihesabu historia ya jumuiya ya zamani kuwa yake. Washington State kikakaribishwa 1962, Oregon na Oregon State 1964. Idaho hakikualikwa. Kilomita 13 zikawa tofauti kati ya kucheza na wakubwa na kutazama kwa mbali.

Nimekaa kwa Idaho kwa makusudi. Ukisikia mtu anasema kwamba zamani vyuo vilishikamana kwa ujirani na leo pesa imeharibu kila kitu, mkumbushe 1959. Ujirani haukuwahi kuwa hati ya kudumu.

Hata hivyo, kwa Pullman mlango ulifunguka, na kupitia mlango huohuo waliingia wanariadha wetu. Kocha John Chaplin aliwaleta Wakenya kwa udhamini wa masomo katika miaka ya 1970. Samson Kimobwa, akiwa mwanafunzi wa Washington State, aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mjini Helsinki mwaka 1977. Mwaka uliofuata aliyeivunja alikuwa Rono, wa chuo hichohicho. Julius Korir, naye wa Pullman, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya kuruka viunzi na maji mwaka 1984 katika uwanja wa Coliseum, Los Angeles, ambao ndio uwanja wa futiboli wa USC. Rekodi ya Rono ya viunzi ilidumu miaka 11 hadi 1989, na aliyeichukua ni Peter Koech, mwana Pullman mwingine. Miaka ya 1990 akaja Bernard Lagat. Mji wa ngano wenye majira ya baridi kali ulikuwa kama kambi ya pili ya Bonde la Ufa.

Mwaka huohuo wa rekodi za Rono, 1978, jumuiya ikawaongeza Arizona na Arizona State na kuitwa Pac-10. Wawili hao walitoka jumuiya ya WAC, ile ambayo Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso kilikuwa mwanachama wake. Huko ndiko alikosoma Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyeleta fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya 1980. Mwaka 2011 wakaongezwa Colorado na Utah, jina likawa Pac-12.

Lakini kilichokuja kuibomoa kilianza mahakamani mwaka 1984. Hadi hapo NCAA ndiyo iliyoamua mechi ngapi za futiboli za vyuo zioneshwe kwenye runinga, na za nani. Chuo Kikuu cha Oklahoma na cha Georgia wakashtaki, na Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji saba dhidi ya wawili, ikasema utaratibu huo unavunja sheria ya ushindani wa biashara. Kuanzia siku hiyo vyuo na jumuiya zao vilikuwa huru kuuza matangazo vyenyewe. Thamani ya mwanachama ikaanza kupimwa upya. Swali halikuwa tena "yuko umbali gani?" bali "ataleta watazamaji wangapi?"

Pac-12 nayo ilivuna. Mwaka 2011 ilisaini mkataba wa miaka 12 wa takribani dola bilioni 3 na ESPN na Fox, na mapato yakagawanywa sawa kwa sawa: mdogo wa Pullman akapata fungu lilelile la mkubwa wa Los Angeles. Mwaka 2012 ikaanzisha kituo chake cha runinga, ikakimiliki asilimia mia bila mshirika. Wazo lilikuwa zuri, lakini halikuzaa kilichotarajiwa. Kampuni kubwa ya satelaiti, DirecTV, haikukubaliana nao kamwe, kwa hiyo nyumba nyingi hazikukiona.

Mkataba ule ulikuwa unakwisha 2024. Hapa ndipo watu wengi hawaelewi jinsi kumi walivyotoka kirahisi. Kinachokifunga chuo kwenye jumuiya ni hati ya kuikabidhi haki zake za matangazo. Ukihama kabla hati haijaisha, mechi zako zinabaki mali ya jumuiya uliyoikimbia, na nani atakutaka? Hati za Pac-12 zilikuwa zinaisha pamoja na mkataba. Kuanzia Agosti 2024, kila chuo kilikuwa huru kama ndege.

Tarehe 30 Juni 2022 USC na UCLA wakatangaza kwenda Big Ten, jumuiya ya katikati ya Marekani iliyoasisiwa 1896. Big Ten, tayari ikiwa na soko la Los Angeles mkononi, ikasaini Agosti hiyo mikataba ya miaka saba iliyozidi dola bilioni 7. Waliobaki kumi wakasema watashikamana. Wakati wao wanajadiliana, Big 12, jumuiya nyingine hasimu, ikawahi sokoni na kufunga mkataba wake Oktoba 2022, na mezani pakabaki fedha kidogo.

Julai 27, 2023, Colorado akarudi Big 12 alikotoka. Ofa iliyokuwa imebaki ilikuwa ya Apple: mechi zioneshwe mtandaoni kwa wanaolipia, na vyuo vilipwe zaidi kadiri watu wanavyojisajili. Ijumaa ya tarehe 4 Agosti viongozi walitarajiwa kukutana asubuhi na kutia saini. Kabla jua halijatua siku hiyo, Washington na Oregon walikuwa wamekwenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah wamekwenda Big 12. Tarehe 1 Septemba Stanford na California wakapokewa na jumuiya ya ACC, wakikubali fungu dogo la mapato kwa miaka kadhaa ili mradi wapate pa kukaa.

Washington State na Oregon State hawakuachwa kwa sababu ya kucheza vibaya. Waliachwa kwa sababu ya ramani. Pullman na Corvallis, kilipo Oregon State, ni miji midogo, na anayenunua matangazo anahesabu nyumba zenye runinga. Mimi hilo linaniuma kusema kweli, kwa sababu chuo hakichagui mji wake. Kilijengwa pale kilipo ili watoto wa wakulima wasome.

Tazama sasa majina. ACC maana yake ni Jumuiya ya Pwani ya Atlantiki, na ndani yake mna vyuo viwili vya kando ya Pasifiki. Big Ten, yaani Kumi Wakubwa, ina vyuo 18, na inaanzia New Jersey hadi Seattle, karibu kilomita 3,900 kwa ndege, mbali kuliko Nairobi hadi Cairo. Timu ya futiboli husafiri hivyo mara chache kwa msimu, na ndiyo iliyoleta fedha. Lakini kumbuka nilichosema mwanzoni: zote huhama. Binti wa voliboli na kijana wa tenisi, ambao hakuna runinga iliyopigania mechi zao, nao wanavuka bara katikati ya wiki, saa tatu mbele ya saa za kwao, na mtihani unawasubiri. Na kwa kuwa UCLA na California ya Berkeley ni matawi ya chuo kikuu kimoja cha jimbo, bodi yao imemwamuru UCLA amlipe nduguye dola milioni 10 kwa mwaka, kwa hasara aliyomsababishia kwa kuhama.

Waliobaki wawili hawakukaa kulia. Walikwenda mahakamani katika kaunti ya Whitman, wilaya ya Pullman yenyewe, wakidai kwamba anayeondoka hawezi kuendelea kupiga kura juu ya mali ya nyumba anayoihama. Novemba 2023 jaji akawakubalia, na Desemba Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kuigusa hukumu hiyo. Jina, akiba na madeni vikawa vyao. Kisha wakaanza kualika: Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State, Utah State, Gonzaga kisichocheza futiboli, na Texas State, wote wa kuanza Julai 2026. Idaho, kwa mara nyingine, hakimo.

Henry Rono hakuyaona hayo yote hadi mwisho. Alifariki Nairobi tarehe 15 Februari 2024, akiwa na miaka 72, na Agosti ya mwaka huo wale kumi wakahama rasmi.

Mwezi uliofuata, tarehe 14 Septemba, Washington na Washington State walikutana Seattle kushindania Apple Cup, mechi ya watani wa jimbo iliyoanza mwaka 1900. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukutana tangu mkubwa ahame. Dakika za mwisho Washington walikuwa wamefika yadi moja kutoka mstari wa ushindi, na hiyo ikiwa nafasi yao ya nne, ya mwisho. Wale wa Pullman wakawazuia. Matokeo: 24 kwa 19, aliyeachwa akiwa juu.