Uvimbe wa mafuta usio saratani unavurugaje mapigo ya moyo?

Huenda umewahi kupapasa kinundu laini mgongoni au mkononi, kinachoteleza chini ya ngozi ukikibonyeza. Mara nyingi hiyo ni lipoma: uvimbe wa seli za mafuta, si saratani, wala hausambai. Wapo wanaoishi nao miaka na miaka bila kujali. Ila uvimbe huohuo unaweza kuota moyoni, ingawa ni nadra sana, na huko upole wake hautoshi.

Kinacholeta shida ni mahali ulipokaa. Moyo hudunda kwa umeme. Cheche huanzia kwenye nodi ya sinasi, kifungu kidogo cha seli kilicho sehemu ya juu ya chumba cha juu cha upande wa kulia wa moyo, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia, kisha hupokezanwa seli kwa seli mpaka msuli wote unywee. Mafuta hayapokei wala hayapitishi cheche hiyo. Wimbi la umeme likikuta tonge la mafuta limejipenyeza kwenye msuli, hulazimika kulizunguka, na hapo huchelewa. Likichelewa vya kutosha, hurudi lilikotoka na kukuta msuli umeshapumzika, uko tayari kushtuliwa upya. Linaushtua, linazunguka tena, na tena, na moyo unakwenda mbio ilhali mwenyewe amekaa kitini. Uvimbe ukiibana njia ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini, mambo hugeuka: mapigo huwa ya polepole, mtu akapata kizunguzungu au hata kuzimia.

Lipoma isichanganywe na mafuta yanayonenepesha ukuta kati ya vyumba viwili vya juu, wakati mwingine kupita sentimita 2. Hayo hayana ganda linaloyazingira, na huonekana zaidi kwa wazee na watu wanene. Nayo huhusishwa na mapigo kwenda ovyo.

Picha ya MRI, inayopigwa kwa nguvu za sumaku, huyafichua mafuta hayo vizuri. Mafuta hung'aa meupe. Mpiga picha akiweka mpangilio wa kuzima mng'ao wa mafuta, doa lilelile huwa jeusi. Nadhani hakuna ushahidi mzuri kuliko huo bila kugusa kisu.

Lipoma isiyosumbua kwa kawaida hufuatiliwa tu. Inayosumbua hukatwa, lakini kovu linalobaki nalo halipitishi umeme, kwa hiyo hata baada ya upasuaji mapigo huendelea kupimwa.