Katalogi haina picha ndani

"Picha ziko kwenye Lightroom, kaka, usiwe na wasiwasi."

Maneno hayo nimeyasikia tena wiki iliyopita pale Mwanjelwa, Mbeya, kwa kijana anayepiga picha za harusi na sendofu, mwenye jicho zuri kuliko wengi wetu. Alikuwa anafuta folda ili laptopu yake ipumue. Nilimshika mkono kabla hajabonyeza. Nimeyasikia Uyole, nimeyasikia Iringa mjini, na mara moja niliyasikia mambo yakiwa yameshaharibika. Ndiyo maana leo nimekaa kuandika.

Katalogi, katika programu za kupanga na kuhariri picha kama Lightroom, ni faili la hifadhidata linalotunza habari za picha: iko diski gani na folda gani, ilipigwa lini na kwa kamera gani, umeipa nyota ngapi, umeiwekea maneno gani ya kuitafutia, na umeagiza ihaririwe vipi. Picha yenyewe haimo. Imebaki palepale ulipoiweka, kwenye laptopu au kwenye eksteno, yaani diski ya nje.

Maana ndiyo hiyo, wala haina mzunguko. Kinachotupoteza ni jina, na jinsi tunavyolitamka.

Neno limetoka Kigiriki, katalogos, yaani orodha, likapita Kilatini, Kifaransa na Kiingereza mpaka kutufikia sisi. Waliosoma enzi za makabati ya kadi maktabani wanalijua vizuri. Unavuta droo nyembamba, unapekua kadi kwa herufi, unapata jina la kitabu, jina la mwandishi na namba ya rafu. Kisha unainuka, unakwenda rafuni. Sijawahi kumwona mtu akitoka na kadi mkononi akisema ameazima kitabu.

Na sisi tuna neno letu ambalo lingetufaa zaidi: fahirisi. Ni zile kurasa za mwisho wa kitabu, neno upande huu, namba ya ukurasa upande ule. Tumelipata kwa Waarabu, fihris, nao walilichukua kwa Waajemi, fihrist. Mwaka 987 huko Baghdad, muuza vitabu mmoja, Ibn al-Nadim, aliandika orodha kubwa ya vitabu vya Kiarabu alivyovifahamu, akaiita kwa neno hilohilo. Vingi kati ya vitabu hivyo leo havipo popote duniani. Tunajua kwamba viliwahi kuwepo kwa sababu tu majina yake yamo kwenye orodha. Kila nikiiona ile alama ya mshangao ambayo Lightroom huibandika juu ya picha isiyoipata, vitabu hivyo hunijia akilini: jina lipo, tarehe ipo, chenyewe hakipo.

Maktaba ni jambo jingine kabisa. Kwa Kiarabu, mzizi wake ni wa kuandika, ule uliotupa kitabu, katibu na mkataba, na umbo lake ni la mahali, kama madrasa ilivyo mahali pa darasa. Maktaba ni nyumba, vitu vimo ndani. Sasa tazama mkanganyiko ulikoanzia: Lightroom ilipotoka mwaka 2007, faili hili liliitwa maktaba. Toleo la 1.1, mwaka huohuo, likabadili jina likawa katalogi, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini ule ukurasa wa kupangia picha umeendelea kuitwa Library, yaani maktaba, hadi leo. Kijana anafungua programu, anasoma neno hilo juu kabisa, anaona picha zake zimejipanga mbele yake. Kwa nini asiamini kwamba zimo ndani? Simlaumu. Lakini tusimwache hapo.

Ukienda Kyela wakati wa kokoa, mkulima anapeleka mzigo ghalani kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anapimiwa, anapewa stakabadhi. Karatasi ile inaonyesha kilo zake. Ana haki ya kuitunza kama mboni ya jicho. Lakini hakuna mkulima wa Kyela atakayekwambia kokoa yake iko ndani ya stakabadhi. Iko ghalani, na ghala likiungua, karatasi haitageuka kuwa kokoa. Katalogi ni stakabadhi ya namna hiyo, na folda zako ndizo ghala.

Nilisema kuna mara moja nilisikia maneno yale mambo yakiwa yameshaharibika. Mdogo wangu mmoja wa kazini alipiga sendofu Uyole, picha zipatazo 1,400. Akazihamishia kwenye folda mezani pa kompyuta, akaziingiza Lightroom kwa ile njia ya kuziongeza tu bila kuzinakili, akahariri usiku kucha. Kazi safi. Asubuhi akatafuta faili la katalogi, lile linaloishia na lrcat, akakuta ni megabaiti chache, akafurahi mno. Alidhani programu imezibana picha. Akaliweka kwenye flashi, flashi ikapanda Kosta ya Tukuyu kwa mtu wa kutengeneza albamu, na yeye akafuta folda ili apate nafasi ya kazi inayofuata.

Hesabu peke yake ingetosha kumshtua. Faili moja la RAW, yaani picha ghafi, la kamera ya megapikseli 24 huwa na megabaiti 25 hivi. Picha 1,400 ni kama gigabaiti 35. Hakuna njia mzigo huo ukakaa kwenye megabaiti chache. Nikipewa gunia la viazi linalonyanyuliwa kwa kidole kimoja, nafungua nione kilichomo.

Kule Tukuyu walipofungua, walikuta visanduku vya kijivu, safu kwa safu. Kila kisanduku na jina la faili lake, nyota zake na alama ya mshangao pembeni. Nyota zote zilikuwa mahali pake. Hata ile picha ya mama mzazi akimfuta machozi binti yake, niliyoiona mwenyewe usiku ule na kuisifia, ilikuwa pale na nyota zake tano, kijivu. Kwenye kadi za kamera tuliokoa kiasi, kwa kuwa kadi moja ilikuwa haijatumika tena, na programu ya kufufua mafaili iliweza kuzirudisha picha zake. Kadi ya pili ilikuwa imeshapigiwa kipaimara. Picha ya mama ilikuwa kwenye kadi ya pili.

Kosa hilohilo huingia kwa mlango mwingine, nao ni bakapu. Ukiifunga Lightroom Classic, ile yenye katalogi, mara kwa mara hukuuliza kama utengeneze nakala ya akiba. Unakubali, unalala usingizi mzito. Nakala hiyo ni ya katalogi peke yake. Ni jambo jema sana, maana kazi yako yote ya kuhariri imeandikwa humo kama maagizo: ongeza mwanga hapa, punguza kivuli pale, kata ukingo huu. Programu haigusi faili la asili, inayafuata maagizo kila inapokuonyesha picha. Lakini maagizo bila picha ni mapishi bila unga. Picha zenyewe zinataka nakala yake, kwenye diski nyingine, unayoinakili wewe.

Ukitaka kuishika tofauti hii kwa mkono wako, chagua picha usiyoihitaji ndani ya Lightroom Classic ubonyeze kitufe cha kufuta. Itakuuliza: niiondoe kwenye Lightroom, au niifute kwenye diski? Swali hilo lisingekuwa na maana kama picha ingekuwa ndani ya katalogi. Jibu la kwanza linafuta mstari kwenye orodha na kuacha faili salama. La pili linaondoa kitu chenyewe.

Haki itendeke, kuna programu ambazo picha humo kweli zimo. Photos ya Apple kwenye Mac kwa kawaida hunakili picha na kuziweka ndani ya maktaba yake, na hapo neno maktaba limekaa sawa. Na tangu mwaka 2017 kuna Lightroom mbili: Classic, ambayo ndiyo ya katalogi, na ile nyingine inayopandisha picha za asili hadi kwenye seva za Adobe, kampuni yenye Lightroom, kupitia intaneti. Mwenye hii ya pili akisema picha ziko Lightroom, hajakosea, ilimradi zimemaliza kupanda, na kwa bando zetu gigabaiti 35 hazipandi kwa jioni moja. Kwa hiyo mtu akikwambia hivyo, muulize kwanza ni Lightroom ipi. digiKam na Darktable, ambazo ni za bure, ziko upande wa katalogi: nazo huziacha picha kwenye folda zako. Darktable huongeza faili dogo la XMP ubavuni mwa kila picha lenye maagizo ya kuhariri, hivyo ukiihamisha picha pamoja na faili lake, kazi yako inaifuata.

Yule kijana wa Mwanjelwa nilimwomba afungue folda aliyotaka kuifuta, kisha abadili jina lake tu, aongeze herufi moja. Akarudi Lightroom. Folda ikawekewa alama ya kuuliza, picha zikaanza kuota alama za mshangao. Alikaa kimya. Akarudisha jina, zikaonekana tena.

"Kumbe huku ni majina tu, kaka."

Majina, nyota na maagizo, nikamwambia. Tukachomeka eksteno, tukazihamisha picha kwa kuiburuta folda ndani ya Lightroom yenyewe ili katalogi ijue zimekwenda wapi, tukanakili zote kwenye diski ya pili. Mchana bibi harusi akapiga simu kuulizia picha zake. Kijana akamjibu, "Picha zako ziko kwenye eksteno, dada, na nakala ninayo. Huku Lightroom nimeziorodhesha na ninazihariri."

Hivyo ndivyo inavyosemwa.