Je, hezi 432 ni sauti iliyopangwa na sayari?

Ala nyingi, yakiwemo magitaa ya kwaya za Dodoma, hupangwa sauti kwa kuanzia noti ya A inayotetema mara 440 kwa sekunde, yaani hezi 440, kipimo kilichokubaliwa London mwaka 1939 na kupitishwa na shirika la viwango la ISO mwaka 1955. Wapo wanaosisitiza kwamba kipimo halali ni hezi 432, kwa kuwa namba hiyo imo katika Jua na katika mwanga wenyewe.

Hesabu yao, lazima ikubalike, inapendeza. Nusu kipenyo cha Jua ni takriban maili 432,000, na 432 ikizidishwa kwa 432 hutoa 186,624, karibu sana na kasi ya mwanga, ambayo ni maili 186,282 kwa sekunde. Tatizo ni hiyo maili. Kwa kilomita, nusu kipenyo hichohicho ni takriban 696,000 na kasi hiyohiyo ni 299,792, na 432 haionekani tena popote. Mzigo mmoja wa mahindi katika soko la Kibaigwa hutoa hesabu moja ukipimwa kwa debe na nyingine ukipimwa kwa kilo, wala hakuna mkulima anayedhani kwamba idadi ya madebe ni siri iliyofichwa ndani ya punje. Hezi nayo ina debe lake, ambalo ni sekunde, na sekunde ilizaliwa pale watu walipoamua kuigawa siku katika saa 24, saa katika dakika 60 na dakika katika sehemu 60. Kama siku ingegawanywa katika sehemu 100,000, sauti tunayoiita 432 ingeitwa takriban 373, na sayari zisingejali.

Uvumi kwamba 440 ililetwa na Wanazi nao hausimami, kwani Johann Scheibler, Mjerumani aliyechunguza vipimo vya sauti, aliipendekeza huko Stuttgart mwaka 1834. Kuhusu madai kwamba muziki wa 432 hutuliza mwili, utafiti mmoja wa Italia wa mwaka 2019 uliona mapigo ya moyo yakipungua kidogo kwa muziki wa 432, lakini wasikilizaji walikuwa 33 tu.

Kilicho cha asili kweli ni uwiano. Uzi unaotetema hutoa, juu ya sauti yake ya msingi, sauti nyingine zenye mitetemo mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea, na muziki wa Wagogo wa Dodoma hufuata ngazi hiyo kwa ukaribu wa kushangaza, ikiwemo ile yenye mitetemo mara saba, ambayo piano haina kitufe chake. Fundi wa ilimba, ala ya Wagogo yenye vyuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, huipata kwa sikio, akisogeza vyuma mbele na nyuma, bila kuhesabu sekunde hata moja.