Pingo: Vilima vya Barafu Vinavyoinuliwa na Maji ya Ardhini

Vilima vinavyolizunguka Jiji la Dodoma ni vya mwamba. Graniti yake iliganda kutoka katika uji wa moto chini kabisa ya ardhi, takribani miaka bilioni 2.5 iliyopita au zaidi, na imebaki imesimama kwa sababu udongo na miamba laini iliyokuwa kandokando yake imeliwa na mvua na upepo kwa muda mrefu mno. Mwananchi wa hapa ana haki ya kushangaa akielezwa kwamba kaskazini ya mbali, pwani ya Kanada, Alaska na Siberia, vipo vilima ambavyo moyo wake si mwamba bali ni barafu tupu iliyofunikwa kwa udongo na majani, na kwamba vilima hivyo huzaliwa, hukua na kuporomoka ndani ya muda ambao mwanajiolojia huuona mfupi. Vinaitwa pingo. Tumeona vyema kuvieleza kwa wasomaji wetu kwa sababu kinachoviinua ni maji ya ardhini yaliyobanwa, na watu wa kanda ya kati, ambao maisha yao yanategemea visima, wanayo sababu ya kuyafahamu maji ya namna hiyo.

Kwanza ni lazima iwepo ardhi iliyoganda kwa kudumu. Wataalamu huiita hivyo ardhi yoyote ambayo joto lake limebaki nyuzi sifuri au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Katika eneo la Tuktoyaktuk, kaskazini magharibi mwa Kanada, ambako wastani wa joto la mwaka huwa karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, mgando huo hushuka mamia ya mita. Majira ya joto yakifika, ni tabaka jembamba tu la juu linaloyeyuka, na majira ya baridi hulirudisha katika mgando.

Hata hivyo, chini ya ziwa lenye kina cha kutosha ardhi haigandi, kwa kuwa maji ya ziwa huilinda na baridi ya angani. Kitako cha ziwa kama hilo ni mchanga uliolowa maji, uliozungukwa na ardhi ngumu iliyoganda pande zote. Sasa ikitokea ziwa likapasua ukingo wake, jambo la kawaida kule kwa sababu kingo zenyewe zimejaa barafu inayoyeyuka na kumomonyoka upesi, maji hukauka na baridi huanza kuingia katika mchanga kutoka juu na kutoka pembeni.

Hapa ndipo maelezo mengi ya mitandaoni yanapopotoka. Husemwa kwamba maji yakiganda hutanuka, basi kilima kimepatikana. Ni kweli maji yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9, na yeyote aliyewahi kusahau chupa ya maji kwenye friza ameliona hilo. Lakini tupige hesabu. Chukua mchanga wenye unene wa mita 30, ambao asilimia 30 ya ujazo wake ni maji. Maji hayo yote yakiganda na kutanuka palepale, ardhi itainuka kwa sentimita 81 tu. Ibyuk, pingo mashuhuri iliyo karibu na Tuktoyaktuk, ina urefu wa mita 49 na upana wa takribani mita 300 kwenye kitako chake. Kutanuka peke yake hakuwezi kujenga kitu kama hicho.

Kinachotokea ni kwamba katika mchanga, barafu inapojijenga husukuma mbele yake maji ambayo bado hayajaganda. Maji hayo hayana pa kwenda: chini na pembeni kuna mgando, na juu kifuniko cha udongo ulioganda kinazidi kunenepa. Shinikizo linapanda hadi maji yanapata mahali ambapo kifuniko ni chembamba kuliko kwingine, aghalabu chini ya kidimbwi kidogo kilichobaki katikati ya ziwa lililokauka. Hapo yanakusanyika, yanakiinua kifuniko na kuganda chini yake, tabaka baada ya tabaka. Tukirudi kwenye hesabu yetu, ule ujazo wa sentimita 81 ukikusanywa kutoka kitako cha ziwa chenye eneo la kama kilomita ya mraba moja na nusu na kupelekwa mahali pamoja, unatosha kuinua kilima cha ukubwa wa Ibyuk. Kwa maoni yangu hili ndilo la kulishika kuliko yote katika somo hili: baridi hugandisha eneo zima, lakini shinikizo la maji ndilo linaloamua kilima kisimame wapi.

Mafundi wetu wa kuchimba visima wanalifahamu shinikizo la aina hii, ingawa halitokani na baridi. Wakitoboa tabaka gumu na kuyafikia maji yaliyobanwa chini yake, maji hupanda ndani ya bomba hadi juu ya kina yalipokutwa. J. Ross Mackay wa Chuo Kikuu cha British Columbia, aliyezichunguza pingo za Tuktoyaktuk kwa miongo kadhaa, alitoboa baadhi yake na kukuta chini ya barafu kuna maji ambayo hayajaganda, yenye nguvu ya kuruka nje ya shimo, na kilima chenyewe kikashuka maji yalipopungua. Maana yake ni kwamba sehemu ya uzito wa kilima ilikuwa imebebwa na maji. Mnamo Agosti 1978 alikausha kwa makusudi ziwa moja, Illisarvik, ili kuutazama mgando ukiingia ardhini tangu siku ya kwanza.

Vipimo vyake vilionesha pia kwamba pingo changa hukimbia na pingo kongwe hujikokota. Katika miaka ya mwanzo inaweza kupanda kwa zaidi ya mita moja kwa mwaka, wakati Ibyuk, inayokadiriwa kuwa na umri wa miaka 1,000 au zaidi, huongezeka sentimita 2 hivi kwa mwaka. Upana wa kitako huamuliwa mapema, na baada ya hapo kilima huenda juu zaidi kuliko kutanuka pembeni.

Aina ya pili ya pingo haihitaji ziwa. Katika mabonde ya Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo kaskazini ya mbali, Greenland na Alaska ya ndani, mbali na pwani, maji hushuka ardhini kutoka milimani, hupita chini ya mgando na kutafuta njia ya kutokea bondeni kwa shinikizo la mteremko. Yakikaribia uso wa ardhi huganda na kuinua kilima. Svalbard baadhi ya vilima hivyo hutoa maji yenye gesi ya methani, jambo linalofuatiliwa kwa makini kwa sababu gesi hiyo huongeza joto la dunia.

Kuhusu kuporomoka, chanzo chake kimo ndani ya kukua kwenyewe. Ngozi ya udongo inayofunika barafu haitanuki kwa kadiri kilima kinavyopanda, hivyo huvutwa na kupasuka kileleni, na nyufa hushuka kwenye mbavu za kilima. Jua na maji ya mvua vikiingia humo, barafu huanza kuyeyuka kutoka juu. Udongo wa mbavuni nao huteleza na kuiacha barafu wazi zaidi. Kileleni hutokea shimo, shimo hujaa maji, na maji huongeza kasi ya kuyeyuka. Mwishoni hubaki dimbwi lililozungukwa na tuta la udongo la mviringo. Huko Norfolk, Uingereza, yapo madimbwi ya namna hiyo ambayo yameachwa na vilima vya barafu vya kipindi cha mwisho cha barafu kuu, ushahidi kwamba ardhi ile iliwahi kuganda kwa kudumu.

Wapo wanaouliza kama Kilimanjaro inazo. Barafu ya kileleni pale ilitokana na theluji iliyoanguka na kushindiliwa juu ya mwamba, ilhali barafu ya pingo ni maji ya ardhini yaliyoganda humohumo ardhini. Wengine wamesambaza picha za mashimo makubwa ya rasi ya Yamal, Siberia, yaliyoanza kuripotiwa mwaka 2014, wakisema pingo hulipuka. Mashimo yale yanahusishwa na gesi iliyobanwa chini ya mgando. Pingo ya kawaida haina mlipuko, huporomoka polepole kwa miaka mingi.

Joto la dunia linalopanda haliwezi kulaumiwa kwa kila pingo inayobomoka, kwa kuwa zilibomoka hata kabla ya viwanda, lakini mgando unapolegea, barafu iliyo karibu na uso wa ardhi ndiyo inayotangulia kuyeyuka. Wahandisi waliojenga barabara ya kilomita 138 kutoka Inuvik hadi Tuktoyaktuk, iliyofunguliwa Novemba 2017, walilizingatia hilo: hawakuchonga ardhi, bali walitandika kitambaa maalumu juu yake na kumwaga kifusi kinene, kazi kubwa ikifanyika majira ya baridi, ili mgando ulio chini ya barabara usiguswe na joto.