Polima hazimwagilii ukuta

"Injinia, lipu imepasuka kila mahali, na ile dawa ya kunywa maji tuliitia!" Nikamuuliza wamemwagilia siku ngapi. "Kumwagilia tena? Si ndiyo maana tukainunua?" Simu ya aina hii nimeshaichoka.

Saruji haikomai kwa kukauka, inakomaa kwa kunywa maji. Hiyo "dawa" ni polima za kufyonza maji, chembe zinazovimba zikinywa maji, nazo zinafaa hasa kwa zege lenye maji machache, uwiano wa maji kwa saruji ukiwa chini ya 0.4 hivi. Zege hilo hujikausha lenyewe kwa ndani na kusinyaa, hata ukilifunika vizuri. Hapo chembe zilizovimba huachia maji kidogo kidogo, na mipasuko hupungua.

Lipu ya fundi wetu haina kiu hiyo. Ameitia maji mpaka inateleza kwenye mwiko. Shida ni kwamba maji yanatoroka: nyuma tofali kavu linayavuta, mbele jua na upepo vinayachukua. Kwenye unene wa milimita 15, maji ambayo polima itayaachia yatafuata njia hiyo hiyo. Lowesha tofali kabla ya kupiga lipu, funika ukuta kwa magunia mabichi, mwagilia siku 7. Mimi nasisitiza magunia, maana ndoo moja ya asubuhi saa tano imeshakauka.

Kuna wanaochana pampasi na kutia unga wake kwenye karai, wakisema ni kitu kile kile. Chukua glasi mbili, moja ya maji safi, nyingine ya maji ya chokaa yaliyotuama, kisha tia kijiko cha unga huo katika kila moja. Kwenye maji safi utavimba na kuwa rojorojo, kwa maana unaweza kunywa mara mia kadhaa ya uzito wake. Kwenye chokaa utabaki mdogo, kwa sababu kalisi, madini yaliyomo kwenye chokaa na saruji, huuzuia kuvimba. Ndani ya saruji ni hivyo hivyo, kwa kawaida mara 10 hadi 30 tu, hata kwa polima za ujenzi.

Wengine wanaogopa vishimo ambavyo chembe huacha zikishatoa maji. Vishimo vipo, na nguvu inaweza kushuka kidogo. Ukizidisha polima, itashuka zaidi.

Chokaa ina habari yake. Ile ya kawaida, kama ya kuta za matumbawe za Mji Mkongwe, hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa. Ikilowa chapachapa hewa haipiti, ikikauka kabisa kazi inasimama. Inataka unyevu wa wastani kwa wiki nyingi, kwa hiyo usiimwagilie kama saruji.

Na kipimo cha polima jamani! Ni asilimia 0.2 hadi 0.6 ya uzito wa saruji, yaani gramu 100 hadi 300 kwa mfuko wa kilo 50. Fundi anayepima kwa kiganja asikabidhiwe paketi.