Sindano za Kichina zisizo na dawa: maswali na majibu

Anayeshinda ameinama kwenye shamba la zabibu Mpunguzi na anayeshinda juu ya bodaboda mjini Dodoma hukutana kwenye lalamiko moja: mgongo. Wengi sasa wamesikia habari za akupancha, tiba ya Kichina ya kuchomwa visindano, na kabla ya kwenda huuliza haya.

Wanaweka dawa gani kwenye hizo sindano?

Hakuna. Sindano yenyewe haina hata tundu. Ni kijiwaya cha chuma kisichoshika kutu, unene wake aghalabu robo milimita au pungufu. Kinachotegemewa ni kule kuchomwa. Wachina wa kale walisema panaamshwa nguvu ya mwili inayoitwa qi. Watafiti wa leo huzungumzia zaidi neva, na kemikali za kutuliza maumivu ambazo mwili hujitengenezea. Mimi naegemea kwa watafiti. Ushirikina haumo, kwa wale wanaouliza kwa kunong'ona.

Inauma?

Sahau ile ya kwenye kalio. Ikiingia, wengi huhisi kama wameumwa na sisimizi, wengine hawahisi kitu. Cha ajabu huja baadaye: eneo linakuwa zito, linatia ganzi, au kitu kama mtekenyo kinasambaa kuelekea mbali na sindano ilipo. Mtoa tiba anaweza kuizungusha kidogo makusudi ili uhisi hivyo. Ikivumilika, ni kawaida. Ila maumivu makali ya kuunguza, au yanayopiga shoti hadi mguuni, yaseme papo hapo. Usijikaze kisabuni, hapa si jandoni.

Baada ya hapo utaachwa umelala nazo dakika 15 hadi 30 hivi. Zinaweza kuwa tano, zinaweza kufika ishirini. Usishangae mgongo ndio unaouma halafu unachomwa nyuma ya goti, ndivyo tiba hii ilivyo. Wapo wanaokoroma.

Nijiandae vipi?

Kula kwanza, hata kama ni uji tu, maana mwenye njaa huzimia kirahisi. Vaa nguo pana inayokunjika hadi gotini, na kina mama wabebe khanga. Kisha sema mapema kama una mimba, una kisukari, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Hicho cha mwisho ni muhimu sana, kwa sababu baadhi ya watoa tiba huunganisha sindano na umeme mdogo.

Nitajuaje kama ni salama?

Tazama pakiti. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele ya macho yako, na ikitolewa itupwe kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali. Sindano iliyotumika kwa mwingine inaweza kukupa homa ya ini au virusi vya UKIMWI, na maelezo kwamba "imechemshwa" yasikutulize. Ulizia pia usajili: tangu sheria ya mwaka 2002, kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili watoa huduma. Akikasirika kwa kuulizwa cheti, umeshapata jibu.

Inaponya nini hasa?

Ushahidi ulio bora ni wa maumivu sugu ya mgongo, shingo na goti, na kipandauso. Hata huko, nafuu mara nyingi ni ya wastani. Haiponyi kisukari, presha wala saratani, kwa hiyo vidonge vyako usiviache hata siku moja. Kwa kawaida huenda mara moja au mbili kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Patana bei ya mzunguko mzima kabla ya kulala kitandani. Kama baada ya mara sita huoni tofauti yoyote, mimi ningeacha.

Na madhara?

Tone la damu, alama ya bluu, usingizi, kizunguzungu. Mwenye bodaboda apumzike kwanza kabla ya kuwasha. Kwa nadra sana sindano ya kifuani au juu ya mgongo hutoboa pafu: ukianza kubanwa na pumzi, hata kama umesharudi nyumbani, nenda hospitali bila kusubiri kesho.

Mama anaumwa mgongo miezi mitatu na usiku anapata homa. Nimpeleke?

Huko bado. Mgongo wenye homa, jasho la usiku au kukonda unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kwa familia za wafugaji wanaokunywa maziwa mabichi, unaweza pia kuwa brusela. Vyote viwili vina dawa, na sindano za Kichina hazivigusi. Mpeleke hospitali apimwe. Akishaanza kulegea miguu, kufa ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo, mpeleke leo hii, hata kama ni usiku.